Maloda, jembe lisilonyanyuliwa

Je, wajua kwamba kuna jembe ambalo mkulima halinyanyui hata mara moja? Juba, na sehemu kubwa ya Sudan Kusini, wanaliita maloda. Ni bapa la chuma lenye umbo la jani pana au la mwezi mchanga, lililochomekwa kwenye mpini ulionyooka. Kuna mpini mfupi wa mtu anayelima kwa magoti, na mrefu wa anayelima amesimama. Mkulima huisukuma mbele, na bapa hupita chini ya ngozi ya ardhi, vidole viwili au vitatu tu, likikata magugu mashinani na kuyaacha yamelala juu ya udongo wake yanyauke.

Mtu aliyezoea jembe la kupiga anaweza kuidharau. Asiidharau kabla hajaiona ardhi yenyewe.

Juba imekaa ukingoni mwa Bahr el Jebel, jina la Nile Nyeupe katika eneo hilo, na magharibi yake umesimama mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur. Shamba la pembeni mwa mji laweza kuwa na kokoto upande mmoja na mfinyanzi mzito upande wa pili. Ukielekea kaskazini, Bor hadi Malakal, mfinyanzi mweusi unatawala tambarare nzima. Ni ndugu wa udongo ambao Tanzania huitwa wa mbuga, na Kenya udongo mweusi wa pamba.

Udongo huo una tabia zake. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, nazo ni bapa, zimepangana kama kurasa za kitabu. Katika mfinyanzi mweusi, maji hupenya hadi katikati ya kurasa, na kitabu kizima huvimba. Kiangazi kikifika kurasa hubanana tena, ardhi inapasuka nyufa za kuzamisha mkono, na kinachobaki kati ya ufa na ufa ni kigumu kama tofali. Basi kabla ya mvua za Aprili jembe linadunda, na mvua zikikolea udongo unanata kwenye chuma na kwenye miguu. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu za kulima, na mkulima akizikosa msimu umemponyoka.

Kuzitambua siku hizo hakuhitaji mashine. Chukua donge kutoka kina unachotaka kulima, ulisokote kati ya viganja liwe uzi. Uzi ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, udongo bado umelowa mno. Ukiulima utaukandamiza, na mabonge yake yakikauka yatakushinda. Uzi ukivunjika vipande kabla ya hapo, ingia shambani.

Halafu kuna mizizi. Shamba jipya huwa limejaa visiki vya migunga na mikwaju. Miti mingine huachwa makusudi, hasa lulu, mti unaotoa mafuta ya kupikia na kujipaka, na ambao wakulima wengi wa Sudan Kusini hawaukati wanapofyeka. Hapo ndipo plau ya ng'ombe inapokwama: ncha yake ikinasa kwenye mzizi hai, ama mnyororo unakatika ama ng'ombe anaumia. Na ng'ombe wenyewe si suala dogo. Wamundari wa Terekeka, kaskazini mwa Juba, huwapaka ng'ombe wao majivu na kulala kando yao. Kumfunga nira mnyama wa namna hiyo kunataka moyo mwingine. Jembe la kupiga nalo, likikutana na jiwe, humrudishia mkulima nguvu zake zote kwenye viwiko. Maloda hupapasa. Mkono husikia jiwe mapema, bapa likakwepa, likazunguka kisiki na kuendelea.

Mizizi iliyobaki chini si hasara tupu. Ikioza huacha mirija ambayo maji ya mvua hushukia, na kwa mfinyanzi, unaopitisha maji polepole, hiyo ni zawadi kubwa.

Lakini maloda haiwezi yote. Nyasi zenye mashina yanayotambaa chini ya ardhi huchipua upya zikikatwa juu juu, na hizo zinadai sururu na mtaimbo. Anayetaka mistari iliyonyooka ya karanga au bamia atavuta kamba kati ya vigingi, na kwenye mfinyanzi atainua matuta ili maji yasisimame kwenye mizizi. Mstari ukifika kisikini hukatwa, ukaanza tena ng'ambo. Mawe yaliyookotwa yanafaa kupangwa kukingama mteremko, yazuie udongo usihamie mtoni. Kazi hiyo yote kwa mkono ndiyo sababu familia nyingi hazivuki fedani moja au mbili, na fedani ni hekta 0.42 tu.

Pembezoni mwa Juba kulikuwa na kizuizi kibaya kuliko kisiki. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan, 1983 hadi 2005, mji ulikuwa ngome ya jeshi la serikali, ukazungukwa na mabomu ya ardhini. Watu walikaa wakiitazama ardhi yao bila kuthubutu kuichomeka chuma, na wategua mabomu ndio waliokuwa wa kwanza kuingia mashambani humo.

Maloda ilikuwepo kabla ya hayo yote. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Gondokoro, ng'ambo ya mto, mwaka 1863, aliliandika jina la jembe hilo “molote”. Bapa lake lilikuwa pia fedha: lilibadilishwa kwa bidhaa, na kwa baadhi ya makabila lilihesabiwa katika mahari. Wabari, wenyeji wa eneo la Juba, walikuwa na wahunzi wao, waliolifua kwa chuma kilichoyeyushwa kutoka mawe ya nchi hiyo hiyo.

Siku hizi mhunzi hufua chuma chakavu. Bapa likianza kazi ni pana. Mchanga wa shamba una chembe za kwatzi, ngumu kuliko chuma laini, na kila msukumo humega kidogo kwenye makali. Msimu baada ya msimu bapa hupungua, na kile kilichomegwa hubaki mle mle, kati ya mizizi ya mtama.