Uzi: Gari lisilowaka mpaka upulize

Ajali kubwa ikitokea usiku na ikasemekana dereva alikuwa amelewa, siku mbili haziishi kabla mtu hajasimama kwenye mkutano au studio ya redio na kusema, "Tufanye kama Marekani. Ukishikwa umelewa, gari lako linawekewa mashine. Usipopuliza, haliwaki." Watu wanapiga makofi. Mwingine anajibu kwamba hiyo ni njia ya tajiri fulani kuuzia serikali mashine, na kutoka hapo ni matusi tu. Nimeufuata mjadala huu mara kadhaa na ni nadra kuona mtu akieleza kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Wacha nijaribu. Ni uzi mrefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinatoshea mkononi, na kinaunganishwa na waya za kuwashia gari. Unapuliza kwanza. Ndani kuna kihisio kinachopima pombe kwenye pumzi, na ikizidi kiwango kilichowekwa, starta haipati umeme. Hapa kuna jambo linalopotea kwenye mijadala: kiwango cha kifaa si kile cha kukamatwa. Karibu majimbo yote ya Marekani kosa linaanzia 0.08, yaani gramu 0.08 za pombe kwa mililita 100 za damu. Utah walishuka hadi 0.05 mwishoni mwa 2018. Lakini kifaa kwa kawaida hukataa kuanzia 0.02 hivi. Ujumbe wake kwa dereva si kwamba asilewe sana. Ni kwamba asinywe kabisa akipanga kuendesha.

Najua Mkenya anawaza nini saa hii: si nitamwambia kijana wa carwash anipulizie? Walilifikiria. Gari likishawaka, baada ya dakika chache kifaa kinakuitisha upulize tena, na kinarudia hivyo safarini kwa nyakati usizozijua. Kijana wa carwash itabidi uzunguke naye usiku mzima, na akiwa mzima hivyo basi si afadhali akuendeshe tu. Vifaa vingi siku hizi pia vina kamera inayompiga picha anayepuliza. Na la, injini haizimwi ukiwa katikati ya barabara kuu kwa kasi ya mia. Hiyo ingeua watu zaidi. Ukikataa kupuliza au ukishindwa, kifaa kinaandika, na vingine vinapiga honi na kuwasha taa mpaka usimame.

Huko kuandika ndiko kazi kubwa ya kifaa. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili unarudi kwa fundi aliyeidhinishwa, anakagua kama kipimo bado kiko sawa, na anapakua rekodi yote: ulipuliza lini, ulikataliwa mara ngapi, nani ameonekana kwenye picha. Rekodi inakwenda kortini, kwa ofisi ya leseni au kwa afisa anayekusimamia. Kifaa ambacho rekodi yake haisomwi na mtu ni king'ora tu.

Sasa, kwa nini waliingia huko? California ilianza na majaribio chini ya sheria ya 1986. New Mexico mwaka 2005 ikawa jimbo la kwanza kukitaka kifaa hata kwa kosa la kwanza. New York walipitisha sheria iitwayo Leandra's Law mwaka 2009, baada ya msichana wa miaka 11 kufa kwenye gari lililoendeshwa na mtu mlevi, na kuanzia Agosti 2010 kila anayehukumiwa kwa kosa hilo anaamriwa kufunga kifaa. Leo majimbo yote 50 yana sheria ya aina fulani kuhusu jambo hili.

Sababu kubwa haikuwa huruma wala ukali. Waligundua kwamba ukimnyang'anya mtu leseni, wengi huendelea kuendesha bila leseni. Huko ukiondoa miji michache, bila gari hufiki kazini, hufiki dukani, watoto hawafiki shuleni. Kwa hivyo serikali ikaja na maafikiano: badala ya kukuzuia kabisa, tunakuruhusu uendeshe, lakini gari linakukagua kila mara. Kwa hivyo anayekiita adhabu amekosa nusu ya habari, na anayekiita msamaha amekosa ile nusu nyingine.

Maafikiano hayo yana mipaka, na wenzetu walio huko wanaoendesha malori waisome hii mara mbili. Leseni ya magari ya kibiashara haiingii kwenye mpango huo. Kwa dereva wa lori kosa linaanzia 0.04 akiwa kwenye lori, na akipatikana na hatia ya kuendesha amelewa, hata kama alikuwa kwenye gari lake la nyumbani, leseni ya lori inaondoka angalau mwaka mmoja. Mara ya pili ni maisha. Kifaa kinaweza kukurudisha kwenye gari lako dogo. Kwenye lori hakikurudishi.

Je, kinasaidia? Ndiyo, na hapa pande zote mbili hukata ukweli nusu. Mapitio ya tafiti 15 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba kifaa kikiwa ndani ya gari, kukamatwa tena kwa kosa lilelile kunapungua kwa takribani asilimia 67. Hiyo si kidogo. Lakini mapitio hayohayo yalikuta kwamba kifaa kikishatolewa, watu wanarudi karibu palepale na wale ambao hawakuwekewa. Kifaa kinazuia gari. Hakitibu kiu. Ndiyo maana majimbo kadhaa hukichanganya na matibabu ya ulevi, na mengine hayakitoi mpaka upitishe miezi kadhaa bila kukataliwa hata mara moja.

Halafu pesa. Anayelipa ni mkosaji mwenyewe. Kufunga ni kama dola 70 hadi 150, kisha dola 60 hadi 80 kila mwezi. Themanini ni kama shilingi elfu kumi zetu, kila mwezi, kwa miezi sita, mwaka au zaidi. Kwa anayelipwa vizuri ni kero. Kwa anayelipwa kwa saa ni kodi ya nyumba iliyopungua. California waliweka ngazi: kulingana na kipato chako unaweza kulipa asilimia 10, 25 au 50 tu ya gharama. New Mexico wana mfuko wa wasiojiweza. Kwa hivyo mtu akisema mpango huu unaonea maskini hajasema uongo, ila ajue kuna waliojaribu kulijibu hilo kwenye sheria. Mtu anayetaka kifaa hapa bila kusema maskini atalipaje, huyo bado hajamaliza kuongea.

Njia ya kukwepa iliyo maarufu zaidi hata si ya kiteknolojia. Unaiambia korti huna gari. Unalihamisha jina kwa mke au ndugu, unasubiri muda uishe. Na majimbo mengi yana ruhusa kwa gari la mwajiri: ukiendesha gari la kampuni wakati wa kazi, na mwajiri anajua hali yako, si lazima lifungwe kifaa.

Shikilia hiyo ya gari la mwajiri, maana sasa tunarudi nyumbani.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema ni kosa kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari vizuri. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi laki moja, au jela isiyozidi miaka miwili, au vyote viwili. Soma tena yale maneno: kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari. Kifungu hakisemi "ukizidi namba fulani". Namba zilikuja kwenye kanuni za 2011, zile zilizotuletea Alcoblow barabarani mwishoni mwa 2013. Mnakumbuka. Watu walikuwa wakiambiana mitandaoni kizuizi kiko wapi leo. Januari 2017 Mahakama ya Rufaa ikaziangusha, kwa hoja rahisi: kanuni haziwezi kuunda kosa ambalo Sheria yenyewe haikuliunda.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na kuahidi kifaa, swali la kwanza ni je, ataigusa Sheria yenyewe Bungeni, au ataandika kanuni nyingine iangushwe tena? Kifaa kinakuja baada ya hukumu. Hukumu inahitaji kosa lililoandikwa vizuri. Ukiruka hatua hiyo, wakili wa kawaida tu atalitoa gari la mteja wake bila jasho.

Swali la pili ni gari lipi. Mpango wa Marekani unachukulia kwamba mkosaji ana gari lake. Hapa mwenye gari binafsi yuko hivyo, sawa. Lakini dereva wa matatu? Gari ni la mtu mwingine, na yeye pengine ni wa skwodi, leo yuko hapa, kesho route nyingine kabisa. Ukifunga kifaa kwenye matatu aliyoshikwa nayo, umemwadhibu mwenye gari, na dereva kesho ameshika usukani wa gari lingine. Ukitoa ruhusa ya gari la mwajiri kama wao, umewaachilia haswa wale wanaobeba abiria 14 au 33 kwa mara moja.

Kwa magari ya abiria kuna mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, nao uko Ufaransa. Huko tangu Septemba 2015 mabasi yote ya safari, yakiwemo yanayobeba wanafunzi, lazima yawe na kifaa hiki, bila kujali kama dereva amewahi kukosa. Kinakaa na basi. Yeyote atakayeketi hapo anapuliza. Hakuna kesi ya kusubiri wala jina la kuhamisha. Mimi binafsi nikiambiwa nichague pa kuanzia Kenya, ningeanzia hapo kabla ya gari la mtu binafsi.

Lakini hata hiyo ina historia ya kujibu. Kanuni za matatu za 2003, zilizoanza kufanya kazi 2004, zilileta kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kiliwekwa, vyeti vikatolewa, na kila aliyesafiri usiku anajua vidhibiti vingapi vilibaki pambo. Fundi anakifunga asubuhi ya ukaguzi na mwingine anakifungua jioni. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na vyeti vimejaa kwenye dashibodi.

Kwa hivyo rasimu yoyote ya kifaa hiki ikiletwa kwa maoni ya umma, msianze na ukurasa wa faini. Nendeni moja kwa moja kwenye sehemu inayosema rekodi ya kifaa inakwenda kwa nani, huyo mtu ana siku ngapi za kuchukua hatua, na nani anaidhinisha mafundi. Kama sehemu hiyo haipo, andikeni hivyo kwenye maoni yenu, mpeleke kabla ya tarehe ya mwisho, na mbaki na nakala yenye muhuri.