Kalkulasi Inayozidisha

Bakteria aina ya E. coli wakipata joto na lishe ya kutosha maabara, hugawanyika takriban kila baada ya dakika 20. Wakianza 1,000, saa moja baadaye ni 8,000. Kalkulasi ya kawaida, ile ya Newton na Leibniz, ikiulizwa wanaongezeka kwa kasi gani, hujibu: mwanzoni karibu 2,080 kwa saa, saa moja baadaye, zaidi ya 16,600. Majibu yote mawili ni sahihi. Ila yanafunika jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la sita angeliona upesi: kila saa idadi huzidishwa kwa 8.

Mwaka 1972 Michael Grossman na Robert Katz walichapisha nchini Marekani kitabu kiitwacho Non-Newtonian Calculus, wakaliweka jambo hilo mbele. Derivativu ya kawaida, yaani kipimo cha kasi ya mabadiliko, hutoa thamani ya zamani kwenye mpya, kisha hugawanya tofauti kwa muda uliopita. Ya kuzidisha hugawanya thamani mpya kwa ya zamani, kisha hulipatia jibu hilo kipeo cha 1 kugawanywa kwa muda, huku muda ukisogezwa karibu na sifuri. Kwa bakteria wetu hutoka 8, saa yoyote, maadamu chakula hakijaisha. Integrali nayo hugeuka vivyo hivyo: vipande vidogo vidogo havijumlishwi, vinazidishwa.

Hapo mwanahisabati ana haki ya kuguna. Chukua logi, tumia kalkulasi ya kawaida, kisha rudi ulikotoka. Jibu ni lile lile. Isitoshe, mahali penye sifuri chombo hiki kinakwama. Kwa namba za kawaida, kusema kweli, ni logi iliyobadilishiwa nguo.

Kwa matriksi, yaani majedwali ya namba, mambo ni mengine. Mwitaliano Vito Volterra alikuwa ameshafika huko mwaka 1887, akitafuta majibu ya mifumo ya milinganyo ya mabadiliko. Matriksi A mara matriksi B si lazima iwe sawa na B mara A, kwa hiyo njia ya mkato ya logi inakatika: hapana budi kuzidisha hatua kwa hatua, kwa mpangilio wake.

Hospitalini, kuzidisha huku kuna kazi ya kila siku. Tuseme wagonjwa 10 wanafuatiliwa na mmoja anafariki: waliosalia ni 9 kati ya 10. Wanne wanahama, hawajulikani walipo. Kati ya watano waliobaki, mmoja anafariki: 4 kati ya 5. Makadirio ya kuishi hadi hapo ni 0.9 mara 0.8, yaani 0.72, na waliohama hawakuhesabiwa kama wafu wala kama wazima wa kudumu. Njia hiyo ilichapishwa na Edward Kaplan na Paul Meier mwaka 1958. Mwaka 1990 Richard Gill na Søren Johansen walionyesha kwa kina jinsi hesabu za aina hiyo zinavyosimama juu ya integrali hiyo ya kuzidisha ya Volterra.