Sufu, Kashmiri na Nondo: Mnunuzi wa Kakamega Aweke Wapi Pesa Yake?

Robota la mitumba likifunguliwa Kakamega, wenye macho makali hukimbilia sweta za sufu na makoti mazito. Hizo ndizo kamera, nguo za daraja la kwanza, na muuzaji anajua. Kashmiri huonekana mara moja moja tu, na hata ikiwa mtumba haiuzwi kwa bei ya fagia inayobaki jioni. Hutokana na manyoya laini ya ndani ya mbuzi wa nchi za baridi, na kwa kuwa mbuzi mmoja hutoa takriban gramu 150 hadi 200 kwa mwaka, sweta moja humaliza manyoya ya mbuzi watatu au wanne. Aliyelipia nguo ya namna hiyo hastahili kuikuta imetobolewa kabla haijavaliwa mara tano.

Nimelinganisha njia za kuilinda zinazopatikana hapa kwetu, na msimamo wangu nautaja mapema. Pesa ya kwanza iende kwenye sabuni na sanduku linalofunga vizuri. Naftalini iwe ya mwisho, na katika nyumba yenye mtoto mchanga isiingie kabisa.

Kwanza tumjue anayekula. Nondo mzima wa nguo hali kitu. Anayetoboa ni kiwavi wake, mdudu mdogo mweupe anayemeng'enya keratini, ile protini iliyo katika sufu, nywele, manyoya ya ndege na pembe. Katika Afrika yetu yuko hata nondo wa jamaa hiyo ambaye viwavi wake hula pembe za swala waliokufa. Jike la nondo wa nguo hutaga mayai 40 hadi 50 kwenye mikunjo ya nguo, na viwavi hupenda zaidi mahali penye jasho, mafuta ya mwili au tone la mchuzi. Hapa Kakamega, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hakuna majira ya baridi kali ya kuwasimamisha. Unyevu ni wa mwaka mzima, na kabati lenye giza huwafaa mwezi wowote.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha adui ndiye huyo. Nondo wa nguo hukimbia mwanga. Wale vipepeo wadogo wa rangi ya majani makavu wanaozunguka taa ya sebuleni mara nyingi wametoka kwenye gunia la mahindi, na hawana haja na sweta yako. Familia nyingi hununua dawa ya kabati kwa sababu yao, ilhali tatizo liko stoo. Matundu kwenye shati la pamba nayo si kazi ya nondo wa nguo. Tafuta mende, nyenje au mchwa, hasa kama nguo zimewekwa sakafuni.

Hakikisha pia kwamba nguo yenyewe ni sufu. Sweta nyingi za shule zinazouzwa madukani ni za akriliki, uzi wa kiwandani ambao nondo hana shughuli nao ukiwa safi. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti. Sufu na kashmiri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kidoleni. Akriliki huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Jaribio hilo linagharimu njiti moja, na huenda likakuonyesha kwamba nusu ya kabati haihitaji ulinzi wowote.

Sasa gharama. Naftalini ndiyo rahisi kuliko zote ukiitazama kwenye rafu ya duka, ndiyo maana imeenea. Lakini vile vidonge vyeupe hugeuka mvuke na kuisha, kwa hiyo unanunua tena na tena kwa miaka yote utakayokuwa na nguo. Tena havitendi kazi jinsi watu wanavyovitumia. Ili mvuke uue viwavi ni lazima ujikusanye kwa wingi ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Vidonge vitatu kwenye kabati ambalo mlango wake haufungi vinakupa harufu tu, na harufu hiyo unaivuta wewe na watoto usiku kucha. Umoja wa Ulaya uliondoa naftalini kwenye soko la dawa za nondo mwaka 2008.

Kwetu kuna sababu nzito zaidi. Naftalini hupasua chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo hurithiwa, huwaathiri wavulana zaidi, na hupatikana kwa wingi katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi. Magharibi ya Kenya ni mojawapo. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akifungwa kwenye blanketi lililohifadhiwa na naftalini anaweza kupata manjano kali hadi ubongo ukadhurika. Madaktari wa Nigeria wamelishuhudia jambo hili na kuliandikia. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana upungufu huo, kwa kuwa hakuna dalili mpaka chembe za damu zianze kupasuka. Ongeza mtoto wa miaka miwili anayeona kidonge cheupe na kudhani ni peremende. Ukiyahesabu haya, ile bei ndogo ya dukani si ndogo tena.

Ipo harufu nyingine ambayo Kakamega inayo nyumbani. Kandokando ya Msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru hulima mrihani wa kafuri, Ocimum kilimandscharicum, na kukamua mafuta yake kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kazi hiyo waliianza kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta. Majani ya mmea huo yakikaushwa kivulini na kutiwa kwenye kifuko cha kitambaa hutoa harufu ya kafuri inayowafukuza wadudu. Mche ukiwa shambani gharama yake ni jasho tu. Lakini kufukuza si kuua. Kama mayai yamo tayari kwenye nguo, majani hayatayamaliza, na harufu ikififia inabidi uyabadilishe. Yafungie pamoja na nguo za watu wazima. Za mtoto mchanga ziache bila harufu yoyote.

Mbao za mutarakwa zina sifa ya namna hiyo, na mafuta yake huwasumbua viwavi wachanga kuliko waliokomaa. Singelipia kabati zima kwa sababu hiyo. Dawa ya kupulizia yenye pareto au permethrini inafaa kwenye nyufa za kabati baada ya kulitoa vumbi, si kwenye kashmiri yenyewe.

Drai-klina huua mayai na viwavi, lakini haiachi ulinzi wowote: ukiirudisha suti kwenye kabati lenye nondo umerudi ulikoanza. Kwa suti ya harusi na mazishi inayovaliwa mara chache, kuipeleka mara moja kabla ya kuihifadhi ni matumizi mazuri. Kwa sweta ya mtumba, fanya hesabu kwanza. Tuseme umeinunua kwa shilingi 400 na kuisafisha ni shilingi 300. Ukiipeleka mara mbili umeshapita bei ya nguo.

Kwa sweta hiyo kuna njia ya mkono. Ifue kwa maji vuguvugu na sabuni laini, hata shampuu, kwani sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya protini huila sufu vilevile. Usiikamue kwa kuipinda. Ianike imelala. Kisha chagua asubuhi yenye jua, maana mchana mvua ya Kakamega haikawii, uipige brashi kwenye mishono, kola na mifuko ambako mayai hujificha. Mwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri aifunge nguo unyevu usipenye, aiache humo wiki moja au mbili. Stima ikipotea kwa muda mrefu, hesabu siku upya. Kwa kashmiri, ambayo haipendi joto, sioni njia bora kuliko friza.

Nguo ikiwa safi, linabaki swali la mahali. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wengi wamehamia mifuko ya kitambaa chepesi, ambayo haizibi vya kutosha. Jibu liko katika nyumba nyingi, juu ya kabati: sanduku la bati la shule ya bweni, lililokaa bure tangu mwenyewe amalize kidato cha nne. Bati halitobolewi na kiwavi wala mchwa. Udhaifu wake ni mfuniko, kwa hiyo kata mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uubandike kuzunguka ukingo mpaka mfuniko ukae kwa kubana. Tandika shuka safi la pamba ndani ili kutu isiguse nguo, na uweke nguo zikiwa kavu kabisa. Asiye na sanduku atapata kwa mafundi wa jua kali. Ni gharama ya mara moja, na kwa mtu mwenye nguo kama tano hivi za sufu, ununuzi wa naftalini wa mwaka baada ya mwaka huenda ukaifikia gharama hiyo na kuipita. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inafaa kwa mwenye sweta moja au mbili.

Fungua sanduku kila baada ya miezi mitatu, ukung'ute kila nguo nje, kisha ufunge. Na kama kabatini mwako muna blanketi lililokaa na naftalini na mtoto anatarajiwa nyumbani, tafadhali lifue, ulianike juani kwa siku kadhaa, na umtafutie mtoto blanketi jingine.