Mfinyanzi wa Kijiji cha Kwali

Paukwa! Itikieni basi… Pakawa! Sogeeni, wajukuu. Leo sungura na fisi wamepumzika. Nawaletea mwanamke aliyeishi kweli.

Noti ya naira 20 ya Nigeria, ukiigeuza nyuma, ina picha ya mama mfinyanzi. Huyo ni Ladi Kwali, aliyezaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, katika kabila la Wagbagyi. Huko ufinyanzi ni kazi ya wanawake, naye aliujulia nyumbani, kwa wanawake wa ukoo wake.

Sasa muoneni kazini. Gurudumu hana. Anaweka donge la udongo, analipiga ngumi katikati mpaka lifanye shimo. Anasokota udongo mrefu kama nyoka, anauzungusha juu ya ukingo, anabandika, anaongeza mwingine. Chungu kimetulia tuli! Anayezunguka ni yeye, kinyumenyume, mkono mmoja ndani, mwingine nje, na tumbo la mtungi linatoka duara utadhani limepimwa. Kisha anachora mijusi, nge na mamba ubavuni.

Mitungi yake ilifika hadi kwenye jumba la Emiri wa Abuja. (Si mji mkuu wa leo, jamani, Abuja ile ya zamani sasa inaitwa Suleja.) Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Michael Cardew, akaiona humo, akaduwaa. Alipofungua kituo cha ufinyanzi mjini hapo, Ladi alijiunga mwaka 1954, mwanamke wa kwanza. Akajifunza gurudumu, na kupaka chungu uji wa majivu na mawe yaliyosagwa, ambao kwenye tanuri kali hugeuka kioo.

Hapo nina neno langu. Mtungi wa kawaida hupoza maji kwa sababu unatoka jasho: maji kidogo hupenya kwenye vitundu vyake, yakikauka huondoka na joto. Ukiuvika kioo, vitundu vinazibwa. Kwa hiyo mitungi yake ya kioo, iliyokuja kushangiliwa kwenye maonyesho ya London, haikuweza tena kupoza maji! Ni mizuri, sikatai. Lakini kwa kiu ya mchana, mimi nipeni ule wa kijijini.

Tuzo zikaja. Mwaka 1962 Uingereza ilimpa nishani ya MBE, na mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikamtunuku udaktari wa heshima, kwa ufundi ambao wanawake wa Kwali walikuwa nao miaka yote bila kupigiwa makofi na mtu.

Kabla hajafariki mwaka 1984, alipata mgeni kutoka kwetu. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mwanafunzi Uingereza alipokwenda Abuja katikati ya miaka ya 1970, akajifunza kwake. Leo vyungu vya Odundo vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Naye anafinyanga kwa mikono, bila gurudumu.