Kwa nini utafiti wa korosho huwa mbali na mkulima

WAKULIMA wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, huguswa na jambo wasiloliona: mahali yanapochapishwa matokeo ya utafiti wa zao lao.

Utafiti huo, ukiwamo wa ugonjwa wa ubwiriunga, huongozwa na kituo cha Naliendele, mkoani Mtwara. Matokeo yake yana njia mbili.

Ya kwanza ni majarida ya nchi tajiri, mengi yakiwa mali ya kampuni za biashara kama Elsevier ya Uholanzi. Huko, ama msomaji hulipa, ama mwandishi humlipia. Mwaka 2020, jarida la Nature la Uingereza lilitangaza ada ya Euro 9,500 kwa makala moja.

Ya pili ni majarida ya nyumbani, kama lile la sayansi za kilimo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wahariri wake ni wahadhiri, na makala zake husomwa bure kwenye intaneti.

Hata hivyo, mtafiti hujipatia sifa zaidi akichapisha nje. Hivyo ofisa ugani wa Ruangwa anaweza kudaiwa fedha ili asome habari za mikorosho ya wilaya yake.

Na kwa kuwa njia zote mbili hutumia zaidi Kiingereza, asiposoma yeye, mkulima hapati.