"Vuta Tu, Usimeze Moshi!"

Tuseme uko kwenye mahafali ya kaka yako. Rafiki yake anatoa biri, ile sigara nene ya kahawia. Anakukatia ncha, anakuwashia huku akiizungusha taratibu kwenye moto, halafu anakupa: "Vuta tu, usimeze moshi. Haina madhara."

Je, ni kweli? Hapana. Moshi wa biri hauna tindikali nyingi kama wa sigara ya kawaida, kwa hiyo nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo hata usipoumeza. Na biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara! Wavutaji wa biri hupata saratani ya mdomo, ya koo na ya umio.

Ndiyo maana anayeanza huona kizunguzungu, hutoka jasho, wengine hutapika mbele za watu. Wenzako watacheka eti hujazoea. Kuzoea maana yake ubongo umeanza kuidai nikotini, na hapo kuacha ni kazi kweli kweli. Ikikupata, izime, kaa penye hewa, kunywa maji kidogo kidogo. Ukitapika mfululizo au moyo ukienda mbio bila kutulia, upelekwe hospitali. Usione aibu.

Labda wewe ndiye mwenye kiberiti. Tunajua huna nia mbaya, unataka tu mdogo wako ajisikie yuko pamoja nanyi. Si umpe soda?

Na wewe unayepewa, jibu fupi linatosha: "Asante kaka, mimi hapana." Aking'ang'ania, nenda zako kacheze muziki.