Shela na Flodden: Walioshindwa na Nyimbo Zao

Kwenye ufuo wa Shela, kijiji kilicho kilomita 3 hivi kutoka mji wa Lamu, jeshi la Mombasa na Pate liliangamia mnamo 1812. Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman uliokwisha kujitoa katika utii wa watawala wa huko. Pate, iliyowahi kuwa dola ya kuogopwa katika visiwa vya Lamu, ilikuwa imedhoofika na ilitaka Lamu irudi chini yake. Lamu haikukubali. Wavamizi walishuka Shela, wakapigana, wakarudishwa nyuma mpaka majini.

Hapo bahari nayo ikawageuka. Wasioishi pwani huenda hawajaona jambo hili: maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yakipwa, chombo kilichotia nanga karibu na pwani hubaki juu ya mchanga. Waliokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekwama, wakauawa palepale. Kwa miaka mingi baadaye, upepo ulipofukua mchanga wa Shela, mifupa ilionekana.

Habari za Pate, masimulizi ya kale ya mji huo, husema waliokufa walikuwa wengi mno. Hutenga waungwana waliojulikana kwa majina na watumwa na maskini ambao hakuna aliyewahesabu. Ndivyo vita vingi vilivyoandikwa, kwa majina ya wenye majina.

Uskoti ina msiba unaofanana na huo. Tarehe 9 Septemba 1513, kwenye vilima vya Flodden kaskazini mwa Uingereza, Mfalme James wa Nne aliwateremsha askari wake wenye mikuki mirefu wakaingia kwenye bonde lenye matope, safu zao zikavunjika. Mikuki ile ilifaa kwa watu waliosimama bega kwa bega. Safu ilipotawanyika, Waingereza wenye silaha fupi za kukatia waliwamaliza. Mfalme alikufa, na mwanawe Alexander, aliyekuwa askofu mkuu, akafa pamoja naye. Wengi hukadiria kwamba Waskoti waliouawa walifika 10,000.

Wimbo wa msiba huo unaitwa “The Flowers of the Forest”, yaani maua ya msituni, na maua hayo ni vijana wa Msitu wa Ettrick ambao hawakurudi. Muziki wake ulikwisha kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 17. Lakini maneno yanayojulikana zaidi leo yalitungwa na mwanamke, Jean Elliot, mnamo 1756, zaidi ya miaka 240 baada ya vita. Hayasimulii mapigano. Yanasimulia wasichana walioacha kuimba mahali pa kukamulia maziwa, na mavuno yasiyo na vijana wa kutania. Muziki huo hupigwa kwa zumari la mfuko kwenye mazishi na kumbukumbu za wanajeshi, na wapigaji wengi hawapendi kuupiga hadharani katika shughuli nyingine.

Pwani ya Waswahili mambo yalikwenda njia nyingine. Shela haikupata wimbo mmoja wa kilio wenye sifa kama hiyo. Ilipata majibizano, tena ya watu walioishi wakati uleule. Upande wa Lamu alikuwepo Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Upande wa Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyezaliwa mnamo 1776. Walirushiana mashairi ya beti za mistari minne, mizani 16 kila mstari, vina kati na mwisho, yaliyojaa mafumbo, vitisho na dhihaka. Mshairi wa mji ulioshindwa hakuwa na nafasi ya kulia mbele ya adui aliyekuwa akimsikiliza. Pengine ndiyo sababu uchungu wa Mombasa umevaa vazi la majigambo.

Simanzi yenyewe ilitoka Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, ambao wataalamu wengi huuweka mwanzoni mwa karne ya 19. Hautaji Shela, unazungumza na moyo wa binadamu na kuuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyoachiwa popo na bundi. Kwa Mwislamu mcha Mungu, kuomboleza kwa kukumbusha kifo na akhera kulifaa zaidi kuliko kupiga mayowe.

Hofu ya kisasi iliifanya Lamu iombe ulinzi wa Said bin Sultan wa Oman. Ngome ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulianza kabla ya hapo, ikakamilika mnamo 1821. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwa Said, na wakuu kadhaa wa Wamazrui wakapelekwa uhamishoni. Muyaka alifariki miaka michache baadaye. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Diwani ya Muyaka ilichapwa Johannesburg mnamo 1940, chini ya uhariri wa William Hichens.